Nilivyosafisha jina langu CRB

Ukinyimwa mkopo hapa Kenya bila maelezo, usibishane na aliyekunyima. Itisha kwanza ripoti yako CRB, yaani kampuni inayotunza rekodi za jinsi watu wanavyolipa mikopo. Sheria inakupa moja ya bure kila mwaka. Yangu ilionyesha deni la Sh3,200 la programu ya mikopo, eti halijalipwa, ilhali meseji ya M-Pesa ya kulilipa kwa wakati bado ninayo.

Wengi hapo hukimbilia kulipia cheti cha CRB cha kuonyesha hawana deni. Cheti hakirekebishi rekodi. Anayetuma taarifa CRB ni mkopeshaji, kwa hiyo nilimwandikia barua pepe yenye namba ya muamala na picha ya ukurasa wenyewe wa ripoti, nakala ikaenda CRB kama pingamizi rasmi. Kimya. Nilipotaja Benki Kuu, majibu yakaja mbio (ajabu!), ila wakabadilisha tu kuwa "limelipwa kwa kuchelewa". Nikakataa katakata: deni lililochelewa hubaki kwenye rekodi miaka 5 hata baada ya kulimaliza. Wakalifuta.

Siku hizi naangalia kila Januari, nikiwa sina shida ya mkopo. Kujiangalia mwenyewe hakupunguzi alama zako za kukopesheka.