Sola Juu ya Paa Letu Leicester: Novemba Inatoa Kiasi Gani

Ukifunga sola Uingereza mwezi wa Mei, miezi ya kwanza inakudekeza. Umeme unazidi matumizi, ziada inauzwa kwenye gridi, na kila ukifungua programu ya simu unakuta yuniti kumi na tano, ishirini, siku nyingine hata ishirini na tano. Halafu majani yanaanza kupukutika, saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ikifika katikati ya Novemba unaona yuniti moja kwa siku nzima. Kila mwaka wakati huo napokea simu za ndugu na marafiki wanaoamini kuwa paneli zimekufa au kwamba wametapeliwa. Nawaambia hazijafa, ila najua maneno matupu hayamtoshi mtu aliyelipa maelfu ya pauni. Kwa hiyo naeleza hapa jinsi sisi tunavyoishi na sola yetu katika miezi hii, na hesabu zake.

Yetu ni paneli kumi za wati 400, yaani kilowati 4, kwenye paa linaloelekea kusini lenye mwinamo wa nyuzi 35 hivi. Kwa mwaka mzima tunapata kama yuniti 3,600. Juni wastani ni yuniti 15 au 16 kwa siku. Novemba unashuka hadi nne au tano, Desemba hadi tatu. Na wastani huo unaficha mengi: siku ya Novemba yenye anga safi inaweza kutoa yuniti nane au tisa, na siku ya ukungu haifikishi hata moja. Ukungu ukikaa siku kadhaa mfululizo, jambo la kawaida huku Midlands, eneo la katikati ya Uingereza, programu ya simu inasikitisha kuitazama. Ukijumlisha Novemba, Desemba na Januari, miezi yote mitatu inatoa karibu sehemu moja ya kumi tu ya umeme wa mwaka.

Wengi wanakwamia kwenye karatasi ya makadirio anayoacha fundi. Namba inayosomwa na kukumbukwa pale ni ya mwaka mzima. Mtu anachukua 3,600, anagawa kwa kumi na mbili, anapata 300 kwa mwezi, kisha Novemba inapomletea 140 anaona nusu ya haki yake imepotea. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki ndio tunaingia humo kwa urahisi zaidi, kwa sababu kwetu jua halibadiliki sana toka mwezi hadi mwezi. Tanga, tarehe 21 Novemba saa sita mchana, jua liko nyuzi kama 75 juu ya upeo wa macho na mchana una saa kumi na mbili na ushei. Leicester siku hiyohiyo jua likifika juu kabisa liko nyuzi 17 au 18 tu. Linachomoza saa moja na nusu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Mwezi Juni hapahapa linapanda hadi nyuzi 61, na mchana una karibu saa kumi na saba.

Ufupi wa mchana ni sehemu tu ya maelezo. Jua likiwa chini hivyo, mwanga wake unapita katika hewa nene zaidi ya mara tatu kuliko ukitoka juu ya utosi, na unafika umepungua nguvu. Tena unafika kwa mshazari. Ndiyo maana mwinamo wa paa una maana kubwa huku kuliko kwetu. Paneli iliyolazwa bapa adhuhuri ya mwishoni mwa Novemba inapokea chini ya theluthi moja ya mwanga wa moja kwa moja, na ile ya mwinamo wa nyuzi 35 inayotazama kusini inapokea karibu asilimia 80. Kwa hiyo rafiki yako mwenye paneli juu ya paa bapa la chumba cha nyongeza, au mwenye paa linalotazama mashariki na magharibi, asijilinganishe nawe mwezi huu. Mwezi Juni anaweza kukukaribia sana. Novemba hawezi, na si kosa la fundi wake.

Baridi haina lawama hapa. Nasikia sana watu wakisema baridi inaua paneli, na ukweli ni kinyume chake: paneli hupoteza karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzijoto moja inayozidi 25 kwenye paneli yenyewe. Asubuhi ya barafu yenye jua safi, zinafanya kazi kwa ufanisi ambao Julai hazina. Kinachokosekana ni mwanga.

Na kinachoiba mwanga kuliko vyote, baada ya mawingu, ni kivuli. Hili ndilo ninaloomba kila anayefikiria kufunga sola alizingatie kabla ya kusaini chochote. Adhuhuri ya mwishoni mwa Novemba, kitu chenye urefu wa mita 2 kinatupa kivuli cha zaidi ya mita 6. Kufikia siku fupi za Desemba kivuli hicho ni mita 8. Dohani ya jirani, lile bomba la matofali la kutolea moshi ambalo Juni hata hulioni, inaweza kulala juu ya paneli zako asubuhi nzima. Na paneli zikiwa zimeunganishwa mnyororo mmoja, kivuli kwenye chache kinapunguza kazi ya nyingine pia. Ndani ya paneli nyingi kuna diodi tatu zinazouruhusu umeme kuruka sehemu iliyofunikwa. Zinasaidia, ila hazirudishi kilichopotea.

Sisi tulilishughulikia kabla ya kununua. Tulikuwa tumepanga kufunga majira ya kuchipua, nami nikasubiri siku ya jua mwezi Desemba nipige picha za paa kila baada ya saa moja, tangu asubuhi hadi jua linazama. Pembe nzuri ilikuwa kwenye bustani ya jirani yetu, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, mmoja wa wale waliofika Leicester baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972. Kiswahili chake bado kizuri. Nikagonga mlango, “Shikamoo mzee, naomba kupiga picha paa letu kutokea kwako.” Akaitikia, “Marahaba mwanangu, ingia.” Nilipomwonyesha kivuli cha dohani yake kikipanda juu ya paa letu, akasema, “Hiyo haitumiki tangu tulipoweka gesi, lakini kuibomoa ni gharama.” Nikamwambia hatumwombi aibomoe.

Picha zile zilimfundisha fundi kitu ambacho vipimo vyake vya mwezi Machi havikumwonyesha. Tulizisogeza paneli zote upande wa magharibi wa paa, na mbili zilizobaki kwenye njia ya kivuli zikafungwa optimaiza, vile vifaa vidogo vya nyuma ya paneli vinavyoifanya kila moja ijitegemee. Kazi yenyewe haikukatwa VAT, kwa sababu tangu Aprili 2022 ufungaji wa sola majumbani unatozwa asilimia sifuri, na nafuu hiyo imewekwa hadi mwisho wa Machi 2027.

Kujua kama mfumo wako uko sawa, acha kuilinganisha Novemba na Julai. Ilinganishe na makadirio ya Novemba. Iko zana ya bure kwenye intaneti inayoitwa PVGIS, imetengenezwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kilichoko Ispra, Italia. Unabofya nyumba yako kwenye ramani, unaandika kilowati, mwinamo wa paa na upande linaotazama (kusini ni sifuri), upotevu unaacha kwenye asilimia 14 kama ulivyo, nayo inakuchorea mwezi kwa mwezi. Nilichapisha mchoro huo nikaubandika jikoni. Ukipishana nao kwa robo katika mwezi mmoja, ni hali ya hewa. Mwaka hadi mwaka Novemba hutofautiana sana. Siku ya anga safi itakuambia zaidi. Fungua mchoro wa siku hiyo kwenye programu ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani: unatakiwa kuona mlima laini wenye kilele karibu na saa sita mchana. Ukiona pengo linalorudi saa ileile kila siku ya jua, hicho ni kivuli, katafute kinakotoka. Ukiona sifuri tangu asubuhi hadi jioni na nje kuna mwanga, huenda swichi imeruka au inveta imezima. Hapo mpigie fundi, una haki. Inveta kuchelewa kuamka asubuhi au kulala mapema jioni si ugonjwa. Inasubiri mwanga wa kutosha.

Usipande juu ya paa kusafisha. Mvua ya huku inaosha vioo vyenye mwinamo vizuri kabisa, na paa la Novemba lina ukungu, kuvu na utelezi. Majani yakinasa ukingo wa chini wa paneli, mwite mwenye brashi ndefu anayefanya kazi akiwa amesimama chini.

Ndani ya nyumba, mambo yamebadilika zaidi kuliko juu ya paa. Juni hatufikirii. Novemba tunayo nafasi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na humo tunapanga kifaa kimoja kimoja. Adhuhuri safi paneli zinaweza kutoa kilowati 2 na kidogo, siku ya mawingu wati 300 tu. Birika la umeme la huku linakula kilowati 3, bafu la umeme kilowati 8 na zaidi. Hivyo vyote viwili vitanunua umeme wa gridi hata jua likiwaka, hakuna haja ya kujitesa. Mashine ya kufulia tunaiwasha siku safi. Siku ya mawingu, kifaa kinacholingana na paa letu ni ile sufuria ya umeme ya kupikia polepole, inayotumia wati 200 hivi. Mke wangu anapika humo maharage toka asubuhi, na yanaiva vizuri. (Maharage mekundu yaloweke usiku, kisha uyachemshe kwanza kwenye moto mkali dakika kumi, kwa sababu yana sumu ambayo joto dogo la sufuria hiyo haliiondoi.)

Betri nayo tunaibadilishia kazi. Miezi ya joto inajazwa na paa na kutulisha usiku. Kuanzia mwisho wa Oktoba naipanga ijaze usiku wa manane kwa bei ya usiku, ambayo kwenye mpango wetu ni ndogo sana kuliko ya mchana, kisha itulishe jioni, watoto wakirudi shule na jiko likiwaka. Utabiri ukisema kesho ni jua, naiachia nafasi nusu ili paa lijaze lenyewe. Kwa maoni yangu betri hapa Uingereza inajilipa zaidi kwa kazi hii ya majira ya baridi kuliko ile ya kiangazi, na muuzaji akikuonyesha hesabu za Julai peke yake, mwombe za Desemba.

Vilevile asikuambie mtu kwamba kilowati 4 zitaendesha pampu ya joto, ile mashine ya umeme ya kupasha nyumba nzima, mwezi Januari. Pampu hizo ni nzuri, lakini zinataka umeme mwingi zaidi wakati uleule paa linapotoa kidogo zaidi. Nunua vyote viwili ukipenda, kila kimoja kwa hesabu yake.

Jambo la mwisho ni bili. Wengi wetu tunalipa kiasi kilekile kila mwezi kwa makato ya benki, na kufikia Septemba akaunti inakuwa na salio zuri kwa sababu ya miezi ya jua. Kampuni ikikuuliza kama unataka kurudishiwa, au ukishawishika kupunguza malipo ya mwezi, subiri. Sisi tunasoma mita mwanzoni mwa Oktoba, tunachukua matumizi ya majira ya baridi yaliyopita, tunaondoa zile yuniti 350 hivi ambazo paa litatoa kuanzia Novemba hadi Januari, na kinachobaki tunakipigia bei. Salio likitosha kukifidia, malipo yanabaki yalivyo. Lisipotosha, tunaongeza pauni chache Oktoba hiyohiyo, na ya kurudishiwa tunayazungumza Aprili.