Bata wangu walikwenda na maji, mbuzi wakapanda dungu

Kila mafuriko yakija, ushauri wa "watu wahamishwe kutoka bondeni" nimeusikia mpaka masikio yameota sugu. Watu wa bonde la Rufiji walishahamishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, wakapelekwa juu, na mpaka leo wanashuka. Kwa nini wasishuke? Maji ya masika yakipungua yanaacha tope ambalo mahindi, kunde na maboga vinaota bila mbolea ya dukani. Wenyewe wanakiita kilimo cha mlau. Anayetoa ushauri ule hajawahi kula boga la mlau.

Nikaona tuwasaidie kufuga hukohuko bondeni. Nilianza na kaya saba upande wa Utete, Rufiji, zile ambazo hata jirani maskini anazionea huruma. Jembe moja nyumba nzima, na likikatika mpini siku imeisha. Hela tulichangishana na watu niliofanya nao kazi zamani, milioni moja na kitu, sikuandika vizuri.

Basi kwa akili zangu nyingi nikanunua bata. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kuku anazama, bata anaogelea, kwa hiyo mafuriko kwake ni sherehe. Nilieleza jambo hili kwenye kikao kwa madaha kabisa, mkono mmoja mfukoni. Bibi mmoja anayelea wajukuu wanne akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani bata kwao wapi?" Nikacheka, nikidhani ananitania.

Masika yale maji yaliingia usiku. Kulipokucha bata wote walikuwa hai, tena wamechangamka, katikati ya maji. Tukawaita. Tukarusha pumba. Mmoja akageuza shingo akatutazama kama abiria anayeaga, kisha wakashika mkondo wote, wakubwa mbele na watoto nyuma, kuelekea baharini. Siku ya tatu tukasikia kijiji cha chini watu wanakula nyama ya bata na hakuna anayefuga. Bibi hakunicheka. Alisema tu, "Bata akiona maji, amefika kwao."

Jioni ile nilikaa na aibu yangu juu ya dungu lake. Asiyelijua, dungu ni kibanda cha nguzo ndefu wanachojenga shambani, wanalala humo kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Sakafu ya fito, unapanda kwa ngazi. Maji yalikuwa yanapita chini yetu na sisi tunakunywa chai, miguu mikavu. Nikamuuliza, "Bibi, mbuzi naye hawezi kupewa dungu?" Akafikiri kidogo. "Fito uzibane. Mguu wa mbuzi si wa mtu."

Ndiyo siri yote, na si yangu. Kazi ngumu ilikuwa kujua urefu wa nguzo. Mtaalamu mmoja aliyepita alitupa kipimo cha kwenye karatasi, mita moja, kwa kila mahali. Bibi akanipeleka kwenye mwembe wake, akanionyesha kovu la panga, usawa wa kifua changu: maji ya mwaka 1998 yaliishia hapo. Kila kaya ina mti au nguzo ya namna hiyo, uliza tu wazee. Tukaweka sakafu juu ya kovu kwa mkono mzima, kiwiko mpaka kidole. Samadi inadondoka kwenye mianya, unaizoa kiangazi unapeleka kwenye bustani ya mchicha. Tulinunua mbuzi majike wawili kila kaya, wakati ule elfu themanini, wengine laki. Bei ya mnadani inategemea umeamkaje.

Kuku nao tuliwarudisha, ila kwa chanjo ya mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Ukiruka zamu moja usinilaumu.

Kwenye mikopo nilikasirika kweli. Kuna mkopeshaji alikuwa ameshawapitia, marejesho kila wiki, kuanzia Machi! Shamba liko chini ya maji, mtu arejeshe nini, vyura? Sisi tukaanzisha kikoba chetu, kikundi cha kununua hisa na kukopeshana, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mkopo unalipwa mlau ukishavunwa. Sanduku linakaa juu kwenye mchanga, si bondeni. Waliokuwa wanapata hela za TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, niliwaambia ile ibaki ya chakula na madaftari, wasiiguse kwa hisa.

Aprili 2024 mto ulifurika vibaya. Kwa yule bibi maji yalipita kovu la mwembe, yakabakiza kama shubiri kufika kwenye fito. Wajukuu walikuwa wanapiga kasia na mtumbwi umejaa majani ya mwembe, wanawalisha mbuzi kupitia dirishani. Mbuzi wake wote walishuka wazima. Kaya mbili nyingine walikuwa wameshauza wa kwao, mmoja kwa msiba, mmoja sijui.

Mwaka jana bibi alinipigia simu. Ana mbuzi tisa, anataka bati. Akaniuliza kama bata wangu wameshaandika barua.