Picha moja, nakala kibao: navyozikamata

Jamani hizi picha zinazojirudia zinasumbua sana, wiki nzima nimekaa nachambua folda moja baada ya nyingine. Nakala zinazofanana kabisa si shida, unatumia heshi kama SHA-256 (hesabu inayotoa alama fupi kutoka kwenye data za faili), faili mbili zikitoa alama ileile basi ni kitu kimoja. Kasheshe inaanza picha ikipunguzwa saizi, hapo baiti (data za ndani ya faili) zinabadilika na heshi inakuja tofauti kabisa ingawa kwa macho ni picha ileile.

Ndo maana mi naipenda dHash, heshi inayoangalia mwonekano wa picha, inashusha kila picha mpaka pikseli 9 kwa 8, inaondoa rangi ibaki kijivu, halafu kwenye kila mstari inalinganisha pikseli na jirani yake ipi ina mwanga zaidi, unapata biti 64 tu (kila moja ni 0 au 1), alafu unahesabu biti ngapi hazifanani kati ya picha mbili. Zikiwa chache sana mara nyingi ni picha moja.

Ila usifute bila kuangalia! Picha zilizopigwa mfululizo zinakaribiana mno, na iliyozungushwa digrii 90 inapita hivihivi bila kukamatwa. Mi nabakisha yenye pikseli nyingi zaidi.