Mita moja haimwogeshi mtu

Uyole, Mbeya, Jumapili usiku

Leo mchana tukimenya viazi uani, mama mkubwa kasema neno ambalo hadi sasa linanizunguka kichwani: watu wakizungumzia corona huulizana nani alikufa, hawaulizani waliobaki waliishije.

Ana zaidi ya miaka 70. Polio ilimpata utotoni, na tangu hapo anatembea kwa magongo mawili. Uzee nao umemletea maumivu ya mabega, maana mabega ndiyo yaliyobeba kazi ya miguu maisha yake yote.

Machi 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza nchini hajatangazwa tarehe 16, picha ya Rais Magufuli na Maalim Seif wakisalimiana kwa miguu Ikulu ilizagaa kwenye simu. Mtaani kwetu watoto wakaiga, wakubwa wakafuata. Sasa mtu kasimama juu ya magongo, unamnyooshea mguu, ajibu kwa nini? Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini haikupita muda, wengi wakawa wanampungia mkono toka barabarani na kupita zao. Wale waliozoea kununua mchicha wake na kukaa kibarazani wakisimulia habari za wajukuu, wakaadimika.

Halafu vibuyu chirizi. Kila mahali kidumu cha maji kinaning'inia, na kamba imeshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Kinasifiwa kwa sababu mkono haugusi kitu. Nilimwona mama mkubwa mlangoni mwa duka moja: gongo moja kalibana kwapani, la pili kaliegemea, anajaribu kukanyaga kwa mguu usioweza kukanyaga, huku foleni nyuma yake inanung'unika. Na akishanawa, mikono inarudi palepale kwenye magongo yaliyotoka sokoni. Nyumbani tulimwekea ndoo ya koki juu ya stuli. Anakaa kwenye kiti, ananawa, kisha anasugua vishikio vya magongo kwa kitambaa chenye sabuni. Hakuna mtaalamu aliyehitajika. Ilitosha mtu kumtazama anavyoshika vitu vyake.

Hata amri ya daladala kupakia level siti, yaani bila abiria wa kusimama, ambayo ungedhani ingemfaa, ilimtesa. Konda mwenye viti vya kuhesabu hamsubiri abiria anayepanda polepole. Ikabidi iwe bajaji ya kukodi, na bajaji ya kukodi haiendani na faida ya mchicha.

Kinachoniuma zaidi ni ile mita moja tuliyoambiwa tuachiane. Asubuhi za Juni, baridi ya Mbeya ikikaza mabega yake, lazima mtu amwinue, amsugue mgongo, amfunge kitenge. Mita moja haimwogeshi mtu. Binti wa jirani aliyekuwa akimsaidia alikatazwa na wazazi wake asije, nami siwalaumu, walimhofia mtoto wao. Lakini tulipaswa kuambiwa tokea mwanzo namna ya kumhudumia kwa usalama mtu anayeishi kwa mikono ya wengine, siyo kuambiwa tukae mbali tu.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi la ubora wa maisha, maswali 26. Mojawapo linauliza unaweza kutembea huku na huko kwa kiasi gani, jingine unaridhika vipi na msaada wa marafiki. Mama mkubwa hakuugua corona. Ila ningemsomea maswali hayo mawili mwaka ule, najua angejibu nini.

Chanjo ilipozinduliwa na Rais Samia tarehe 28 Julai 2021, wenye miaka 50 na zaidi wakiwa miongoni mwa waliotangulizwa, alitaka kwenda mara moja. Kituoni tukakuta ngazi zisizo na pa kushika. Muuguzi mmoja akatoka nje na kisanduku chake, akamwamkia, "Shikamoo bibi," akamchoma sindano humo humo kwenye bajaji. Kisha akakaa naye kidogo, akamuuliza kuhusu mabega. Hadi leo mama mkubwa anamwombea dua yule dada.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayotaka majengo ya umma yafikike nao, ni ya mwaka 2010, na ngazi zile bado ziko vilevile. Mama mkubwa anataka alisemee jambo hilo mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa. Kaniagiza nimtafutie bajaji mapema, asije akakosa kiti cha mbele.