Siku nilipomwita dogo mwizi wa fyuzi

Hii ni Julai 2016, baridi ya Mbeya imechachamaa. Gari yangu nilikuwa nimeitoa jana yake gereji moja pale Mwanjelwa, honi ilikuwa hailii, dogo mmoja anayejifunza kazi kwa mzee ndo aliishughulikia, ikalia vizuri, nikalipa nikaondoka.

Kesho yake naenda Tukuyu, nimeshapita Uyole, napanda kule Isyonje na ukungu umeshuka mpaka barabarani, ghafla redio ikakata, na chaja ya simu nayo ikafa. Nikapaki pembeni, nikafungua kifuniko cha fyuzi, vile vidude vinavyokatika umeme ukizidi, pale chini ya dashibodi usawa wa goti, nikamulika na tochi. Mapengo! Nikahesabu, saba. Likanijia jambo moja tu kichwani: dogo kaninyofolea fyuzi kamuwekea mteja mwingine.

Nikageuza gari. Safari nzima ya kurudi nimevimba, na nilipofika sikusalimia mtu, nikamwambia mbele ya wateja na mafundi wenzake, we dogo ni mwizi, rudisha fyuzi zangu saba. Mpaka leo nikikumbuka ule uso wake naumia. Hakujibu. Alimwangalia mzee, mzee akamwambia "mwoneshe kaka yako," basi.

Dogo akachukua testa, ile ya kabalbu na waya, akapiga magoti mlangoni. "Kaka chungulia humu." Nikainama. Pengo la kwanza halina chuma ndani, ni plastiki tupu, tobo tu. "Fyuzi ningeitoa hapa ingekuwa imeshika wapi?" La pili lina chuma upande mmoja. Akabana kile kikoleo cha testa kwenye bodi ya gari, akagusa kile chuma, balbu ikawaka, moto (yaani umeme) upo, ila upande wa pili hakuna kitu, moto hauna pa kwenda. Mengine yana vyuma viwili lakini waya wa kwenda mbele haujavutwa.

Nikawa bado nabisha. Akanishika mkono akanipeleka kwenye gari nyingine ya aina ileile iliyokuwa pale uwanjani, hiyo ina foglaiti, zile taa za ukungu, na yangu haina. Tukafungua boksi lake, lilelile, na pengo moja ambalo kwangu ni wazi kule limekaa fyuzi ya bluu, ya ampea 15. Na hiyo gari nayo ilikuwa na mapengo yake mengine! Akanieleza kwamba kiwandani hawatengenezi boksi jipya kwa kila gari, wanatoa boksi moja halafu yenye foglaiti inajazwa hapa, yenye hita za siti inajazwa pale, ambayo haina vitu hivyo inabaki wazi tangu ilipotengenezwa. Maana yake yale mapengo yalikuwepo siku zote nimeendesha ile gari, sema sikuwahi kufungua nikaangalia.

Tukarudi kwangu. Akasoma mchoro wa kifunikoni, maandishi ya Kijapani lakini alama anazijua, akachomoa fyuzi moja kwa kile kibanio cha plastiki akaiinua kwenye mwanga. Ile nyuzi ya katikati imekatika na plastiki imeingia weusi. Hiyo ndo ilikuwa inabeba redio na tundu la kuwashia sigara ninakochomeka chaja. Hakuweka nyingine haraka, akamulika kwanza ndani ya lile tundu, akaingiza koleo ya mdomo mrefu, akatoa sarafu. Sarafu yangu mwenyewe, ilidondoka humo ikagusa kati na pembeni, shoti.

Nikamwambia basi weka kubwa isiungue tena. Akakataa katakata. Palipoandikwa 15 ni 15, ukiweka ile ya kijani ya 30 waya utaungua kabla fyuzi haijakatika, na hapo unachoma gari.

Redio ikaimba. Wale walionisikia namwita mwizi walikuwa bado wapo, nikasimama palepale nikamwomba msamaha kwa sauti ileile, nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua fyuzi mbili, ya 10 nyekundu na ya 15, akazipachika kwenye kisehemu cha akiba ndani ya kifuniko.

"Hizi kaka ndo za kuhesabu. Siku ukitoka hapa ukakuta hazipo, njoo unidai."