Aldgate: mnara wa lango uliokuwa nyumba ya mshairi

Kati ya malango yote ya ukuta wa kale wa London, linalonivutia zaidi ni Aldgate, lililosimama upande wa mashariki, mahali ambapo barabara ya Colchester iliingia mjini kupitia Whitechapel. Jina lake limebaki kwa mtaa na kituo cha treni; lango lenyewe halipo tena.

Warumi ndio waliotangulia kujenga lango hapo, na katika Enzi za Kati lilijengwa upya zaidi ya mara moja. Hata hivyo, kinachonionyesha vizuri zaidi jinsi mnara huo ulivyotumika ni mkataba wa pango. Mwezi Mei 1374, wakuu wa jiji walimkabidhi mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer makao yote yaliyokuwa juu ya lango, pamoja na ghala la chini ya ardhi, akae humo maisha yake yote bila kulipa kodi, mradi tu ayatunze na asimpangishe mtu mwingine. Jiji lilijiwekea haki ya kuingia humo wakati wa vita ili kuulinda mji, na likaahidi kwamba halitaigeuza nyumba hiyo kuwa jela muda wote atakapokuwa hai. Ahadi hiyo ya mwisho haikuwa ya bure, kwa kuwa lango la Newgate, upande wa pili wa mji, lilikuwa jela maarufu.

Sidhani kwamba alipewa makao hayo kwa sababu ya ushairi. Wakati huo Chaucer alijulikana zaidi kama mtumishi wa Mfalme Edward III, na mwezi uliofuata aliteuliwa kuwa mkaguzi wa ushuru wa sufu na ngozi katika bandari ya London. Ofisa wa forodha, basi, aliishi juu ya lango la mji, mikokoteni ikipita chini ya sakafu yake.

Mwezi Juni 1381, wakulima wa Essex walioasi kodi ya kichwa walipiga kambi Mile End, kisha wakaingia mjini kupitia Aldgate. Lango halikuvunjwa, bali lilifunguliwa, na baadaye diwani William Tonge alishutumiwa kuwa ndiye aliyewafungulia. Nadhani tukio hilo linatufundisha mengi kuhusu ngome hizi kuliko unene wa kuta zake. Chaucer mwenyewe aliyataja maasi hayo kwa kifupi sana, katikati ya kisa cha jogoo na mbweha, na kufikia mwaka 1386 alikuwa ameondoka.

Mwaka 1471 mambo yalikuwa tofauti. Wafuasi wa Fauconberg, kiongozi wa waasi, waliotaka kumrudisha Mfalme Henry VI madarakani, walilishambulia lango, na baadhi yao walipokwisha kupenya, kizuizi kizito kilichoning'inizwa juu kikashushwa nyuma yao. Walionaswa ndani waliuawa. Kisha diwani Robert Basset akaamuru kizuizi kiinuliwe, akatoka na watu wake kuwafukuza waliobaki nje.

Mnara huo wa Enzi za Kati ulibomolewa mwanzoni mwa karne ya 17, na lango jipya la fahari likakamilika mwaka 1609. Kwa hiyo wanaosema kwamba nyumba ya Chaucer ilivunjwa katika karne ya 18 wanachanganya majengo mawili. Lililovunjwa mwaka 1761 ni lile jipya, na halikuangushwa na adui yeyote: magari ya farasi yalikuwa yameongezeka, njia ilikuwa nyembamba, na jiji, likiwa na idhini ya Bunge, liliamua kuyaondoa malango yake ili kupanua barabara. Mawe yaliuzwa. Ebenezer Mussell, mpenzi wa vitu vya kale, alinunua sehemu yake, akaipachika kwenye nyumba yake huko Bethnal Green na kuiita Aldgate House. Baadaye nyumba hiyo nayo ilibomolewa.