Usiku wa kuamkia 2000 na chupa za shangazi

Mwaka 1999 unaisha mi nilikuwa darasa la tano, tunakaa Ng'ambo, Tabora mjini, kwa bibi mzaa baba. Nyumbani tulikuwa bibi, shangazi, mimi na wadogo zangu wawili. Ule mwaka ulikuwa mbaya toka Oktoba. Tarehe 14 Mwalimu Nyerere alifia London, na Tabora kule msiba ule tuliuchukua kama wa ndani kabisa maana jamaa alisoma Tabora School na baadae akaja kufundisha St. Mary's hapohapo mjini, kila mzee alikuwa na stori ya kumwona akipita. Redio ikawa maombolezo kutwa nzima mpaka akazikwa Butiama. Sisi watoto tulichokuwa tunasikia kwa wakubwa ni kitu kimoja tu, kwamba sasa mzee hayupo nchi itaingia vitani.

Kabla hilo halijapoa ikaja habari ya kompyuta. Jirani yetu alikuwa karani, kwa mtaa wetu huyo ndo alikuwa mtu wa mwisho kwa elimu ya dunia, akawa anatuelezea barazani kwamba kompyuta zimefundishwa kuandika mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho, 97, 98, 99, sa ikifika 00 zitadhani tumerudi 1900 na kila kitu kitazima, ndege zitaanguka, benki zitasahau hela za watu. Bibi akamuuliza, "Na mimi ambaye sina hela benki?" Jamaa akasema hata wewe mama, treni haitakuja. Hapo bibi akanyamaza, maana treni isipokuja Tabora ile ya wakati ule, barabara mvua ikinyesha ni tope tupu, we utakula nini na utavaa nini. Afu upande wa pili kuna wahubiri wanasema hiyo siyo kompyuta, huo ndo mwisho wenyewe. Kwa hiyo ukichagua yeyote wa kumwamini, jibu ni moja, weka chakula ndani.

Sa kwa bibi kuweka chakula ndani haikuwa habari. Yule mama alikuwa anaishi kama njaa inakuja wiki ijayo, miaka yote. Kiangazi, mwezi wa saba wa nane hivi, uwani kwetu pote panakuwa peupe kwa viazi vitamu vilivyoanikwa. Vile anavyomenya vibichi anavikata vipande anaanika ndo michembe, na vile anavyochemsha kwanza afu ndo anakata anaanika ndo matobolwa. Vinakauka mpaka ukigonganisha vinalia kama vigae. Kunde anachanganya na majivu asije mdudu akaingia, majani yake anapika anakausha yanakuwa nsansa, mlenda unasagwa unga, na kwenye kona kuna kihenge cha mahindi na mpunga. Yeye alikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na alipanga foleni za sabuni baada ya vita vya Amini. Hakuwa anahitaji kompyuta kumkumbusha.

Shangazi ndo alikuwa na mambo mapya. Aliwahi kufanya kazi jikoni kwa masista wazungu, na wale waliporudi kwao walimwachia boksi la chupa za kioo, 24, mdomo mpana, mfuniko nao wa kioo, na katikati unaweka mpira mwekundu wa duara wenye kiulimi pembeni, afu vibanio viwili vya chuma vya kubana. Zile chupa zilikaa juu ya kabati miaka kama minne hakuna anayezigusa, tulikuwa tunazifuta vumbi Krismasi tu kama picha za marehemu. Mwaka ule akazishusha. Akasema, "Mama, mwaka huu maembe hayaozi."

Na kweli maembe yalikuwa yanaoza. Mtu ambaye hajakaa Tabora mwezi wa kumi na mbili hawezi kuelewa. Uwani tulikuwa na mwembe dodo mmoja mkubwa, tawi lake moja limelala juu ya bati, usiku mzima ni pu, pu, asubuhi unakanyaga unateleza, mbuzi wenyewe wamechoka, sokoni ukipeleka ndoo unarudi nayo. Miezi mitatu mbele unatafuta embe moja la kumpa mgonjwa hulipati. Hilo ndo lilikuwa linamuuma shangazi.

Bibi alicheka sana. "Embe unalichemsha unaliweka kwenye chupa, kwani ni dawa ya kikohozi?" Ila nyuma ya kicheko kulikuwa na kitu kingine ambacho mi nilikuja kukijua ukubwani. Mwaka 1983, Sokoine ni Waziri Mkuu, ulipita ule msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na watu walikuwa wanatupa mali usiku ili wasikutwe nazo. Babu alikuwa na kibanda cha duka, alikuwa na nusu gunia la sukari, akaimwaga chooni. Chooni! Kwa hiyo bibi alipoona shangazi anaingia na kilo sita za sukari na chupa 24 za kung'aa, kitu cha kwanza alichosema ni, "Funga mlango." Michembe haimtishi maana hakuna askari atakayekukamata kwa michembe. Chupa zinaonekana, chupa ni mali.

Tukapika wikiendi mbili kabla ya Krismasi. Shangazi alijifunza kwa wale masista na alikuwa na masharti kama mganga. Chupa zinaoshwa kwa maji ya moto. Embe liwe limeiva ila lisiwe limelegea, menya, kata vipande virefu, panga mpaka ibaki nafasi ya kidole juu. Sukari inachemshwa na maji, inakamuliwa ndimu humo, na kwenye ndimu alikuwa hacheki na mtu, kila chupa lazima. Mjirani mmoja akamwomba amfungie na maharage, akakataa katakata, akasema masista walimwambia maharage na nyama kwenye chupa vinaweza kuweka sumu usiyoiona wala kuinusa, mpaka uwe na lile sufuria la presha. Nimekuja kusoma baadae nikakuta alikuwa sahihi kabisa, kuna kijidudu kinapenda chakula kisicho na uchachu na kisicho na hewa. Baada ya hapo unapitisha kijiti kutoa mapovu ya hewa, unafuta mdomo wa chupa, mpira, mfuniko, vibanio, ndani ya sufuria kubwa la msibani. Chini ya sufuria ametandika kanga kuukuu ili chupa zisigongane na chuma zikapasuka. Nane nane, mara tatu. Muda tulikuwa tunahesabia redio, zinaanza salamu mpaka ziishe, na yeye anaongeza wimbo mmoja juu yake.

Kazi yangu ilikuwa mipira. Na hapa ndo nianze kutubu.

Mtu aliyewahi kuwa na manati anajua, tyubu ya baiskeli ni ya watu wa kawaida, mpira mwekundu ndo wenyewe. Unavutika, haukatiki, kijiwe kinaenda mpaka unakisahau. Mi nilikuwa nimeshaichora ile mipira kwa macho toka zamani, na wiki moja kabla ya kazi nilichomoa miwili kwenye pakiti nikaikata nikafunga manati. Nilijiambia shangazi hajahesabu. Kumbe chupa ni 24 na mipira ni 24, yaani masista walikuwa watu wa hesabu.

Awamu ya tatu ya kuchemsha ilifika giza limeshaingia, tunatumia taa ya chemli maana umeme wa jikoni haukuwepo, mpira umeisha na chupa mbili zimebaki zinanitazama. Nikakimbia nyuma ya nyumba, nikakata duara mbili kwenye tyubu ya baiskeli niliyokuwa nayo, nikavisha, nikafunga haraka, vibanio, nikazitumbukiza katikati. Kesho yake tulipotoa vibanio, maana ikishapoa chupa iliyoshika inabaki imejifunga yenyewe, unainyanyua kwa mfuniko tu inaning'inia, shangazi alinipa mimi hiyo kazi ya kujaribu, ananiamini. Ishirini na mbili zilishika. Mbili mfuniko ukaja wenyewe mkononi. Nikarudisha vibanio vyake chapu, nikazisukuma nyuma kabisa ya rafu ya stoo, mbele nikapanga nzima. Shangazi akauliza zote? Nikasema zote shangazi. Akanipa hela ya ubuyu.

Tarehe 31 Desemba tulikaa sebuleni wote, jirani karani na mke wake nao wamekuja, mvua imenyesha jioni imekatika, nje kunadondoka tu. Wengine walikuwa makanisani. Bibi alivaa khanga zake mpya, akasema kama ni kweli asikutwe na matambara. Redio iko mezani. Ilipofika saa tano na nusu hivi umeme ukakatika.

Yaani ulikatika kama ulivyokuwa unakatika siku zote, wiki hiyo labda mara nne. Ila siku hiyo hakuna aliyesema "aah umeme". Kimya. Jirani akasema kwa sauti ndogo, "Imeanza mapema." Mke wake akaanza kusali. Embe likaanguka juu ya bati, pu, mdogo wangu akapiga yowe, bibi akamvuta akamfunika kwenye khanga. Shangazi anapapasa kiberiti. Na kabla hajakipata, ndani stoo ukasikika mlio, sio mkubwa kivile, ila kwenye lile giza ulikuwa kama bunduki, paah, afu kioo kikavunjika, afu kitu kikawa kinafanya shhhh.

Jirani, msomi wetu, alitokea mlangoni bila viatu. Sijui alikuwa anakimbilia wapi, maana kama dunia inaisha inaishia na huko nje pia. Mi peke yangu nilijua. Nakumbuka nilivyokuwa nimekaa kwenye mkeka, baridi imenishika, nikawa naomba uwe mwisho wa dunia kweli.

Koroboi ikawashwa tukaingia stoo. Sakafuni mfuniko vipandevipande, kibanio kimoja kimeruka mpaka kwenye kihenge, na ile chupa inatoa povu kama imekunywa sabuni, harufu ya pombe kabisa. Embe lilikuwa limechacha wiki mbili, gesi imejaa humo, haina pa kutokea. Shangazi akainama, akaokota mpira. Akausogeza kwenye taa. Mweusi. Afu una kiraka, kile kiraka cha fundi baiskeli, nilikata duara langu likapita katikati ya kiraka na sikuona. Akaangalia kiraka, akaniangalia mimi, akaangalia manati ilivyoning'inia shingoni kwangu na mpira wake mwekundu.

"Iko nyingine?"

Nikaonyesha nyuma. Akaitoa nje uwani akaifungua akiwa ameifunika kitambaa, akaimwaga. Akarudi, akaniambia, "Kesho tutaongea, baba. Na hiyo manati uje nayo." Alipotumia lile neno baba kwa upole vile nikajua nimekwisha.

Bibi ndo akaharibu msiba wote. Alianza kucheka akiwa bado ameshika mlango wa stoo, akacheka mpaka akakaa chini, "Mume wangu jamani, mume wangu kanimalizia dunia!" Jirani akarudi anatafuta viatu vyake kwa mguu. Saa ngapi ilikuwa hatujui, redio ilikuwa ya umeme. Tulisikia tu kengele za kanisani mbali na watu wanapiga masufuria mtaani, tukajua ndo 2000 hiyo, na hatujafa.

Shangazi kwa hasira au kwa kutaka kutetea kazi yake, sijui, akaenda akaleta chupa nzima. Akavuta kile kiulimi cha mpira, ikasema fyuu, akatupakulia kwenye visahani. Embe lilikuwa la njano kabisa, laini, tamu, lina kauchachu ka ndimu, sijawahi kusahau. Wote tumekaa gizani tunakula embe la chupa, na nje tunasikia mengine mabichi na mabivu yanaanguka bure, pu, pu, hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu ya hilo kwa wakati ule. Bibi alionja kipande kimoja akasema sukari imezidi. Akainuka, akarudi na bakuli la matobolwa yake, akachukua moja akalichovya kwenye maji ya embe, akatafuna taratibu. Akachovya jingine. Afu akasogeza bakuli katikati.

Kesho yake tuliongea, viboko vitatu, na manati ikakatwa kwa mkasi mbele ya macho yangu. Chupa 21 zilizobaki tulizila mpaka Pasaka ikapita, mbili zilienda kwa mgonjwa jirani. Ile ya pili niliyoitia tyubu, ambayo mfuniko wake ulipona, ilikosa kazi kwa kuwa haina mpira. Bibi akaiomba. Akawa anawekea ugoro wake, miaka yote, na kila mgeni akipiga hodi anaisukumia chini ya kitanda.